Wino Juu ya Wino

Bi Shirin aliiweka picha chini ya taa,
akabana kioo jichoni kama fundi wa saa,
akanyamaza.
Nje, Kapripointi, mawe yalikuwa bado na joto la mchana,
na mimi pesa nilikuwa nimeshaigawa:
bati za nyumba ya Igoma, ada ya Kabula,
na kiasi kidogo cha kuringia.

Pichani Orrin Pell amesimama, mguu ndani ya ndoo,
tai imepinda, uso mkavu kama wa hakimu.
Mwanza haikumjua kwa jina hilo.
Ilimwita Bwana Ndoo
tangu Jivraj alipotundika shuka karibu na stesheni
na babu yangu Mhangwa akapewa mkono wa mashine:
azungushe, asiharakishe.
Akiharakisha, Bwana Ndoo hukimbia kama kuku;
akichoka, hutembea kama mtu aliyefiwa.
(Usiku mwingine alimfanyia makusudi. Alikiri mwenyewe.)

Wadudu wa ziwani waliufuata mwanga,
wingu zima kutoka majini,
wakajaa kwenye shuka, wakajaa vinywani mwa waliocheka;
watu wakatema, wakacheka tena.
Na kulikuwa na mama mmoja wa Kikerewe
aliyemwonya kila Jumamosi, "Ndoo hiyo! We! Ndoo!"
na kila Jumamosi hakusikia.

Barua aliiandika karani Rwegoshora
kwa malipo ya sato wawili.
Miezi tisa, mimba kamili, ikaja bahasha
yenye stempu ya ng'ambo, na picha hii,
na wino wa kahawia: Orrin Pell.
O kama mdomo wa ndoo.
R Kulwa na R Doto wameshikana mikono.
L mbili za mwisho, korongo wawili penye maji mafupi.

"Hapa kuna wino juu ya wino," Bi Shirin akasema.
"Wa chini ni wake, au wa karani wake, siwezi kuapa.
Wa juu ni wa bluu, wino wa shule.
Kuna mtu amepita juu ya mkono wa mwenyewe,
tena si mara moja.
Na hapa, kwenye R ya pili, kuna mdudu."

Akanitajia bei.
Ilitosha chai na bodaboda ya kurudi Igoma.

Huyo mtu namjua.
Ukuta ulitazama dirisha,
jua likailamba sahihi mwaka baada ya mwaka,
na kila ilipofifia babu alichovya kalamu,
akazuia pumzi, akapita njia ileile
kwa mkono wa mashine, pole, asiharakishe.
Mdudu alitua kwenye wino mbichi. Akaachwa.
Labda babu aliona ni mtazamaji wa zamani.

Hakuwa amesoma.
Kwenye malipo ya pamba alibandika dole gumba
kama wenzake wote wa foleni.
Herufi alizoziweza duniani ni hizo tisa tu,
na ukiondoa mapacha, saba.

Bi Shirin alinieleza kwa upole, kama daktari,
kwamba sahihi nzuri ni ile ambayo mwingine hakuigusa.
Nikamshukuru. Nikaifunga picha kwenye kanga.
Njiani nilikasirika, sikujua nimkasirikie nani:
mzee aliyekwishazikwa,
jua, au mimi niliyekwishanunua misumari ya bati.

Jana nikitafuta hati ya kiwanja
nikafungua bahasha ya Bugando,
mwaka wa sabini na tisa, babu alipopasuliwa ngiri.
Karatasi imekunjwa mara nne.
Mimi niliyetia sahihi hapa chini
nakubali kwa hiari yangu.
Na hapo chini, kwa mkono usiotetemeka,
O kama mdomo wa ndoo,
Kulwa na Doto,
korongo wawili,
na daktari kagonga muhuri.